Chuo cha Udaktari kwa Anayelenga Tiba ya Dharura

Tiba ya dharura ni tawi la udaktari linalomhudumia mgonjwa kabla ugonjwa wake haujajulikana. Daktari wa moyo hupokea mtu ambaye tayari ameshukiwa kuwa na tatizo la moyo, na wa mifupa huitwa mfupa ukishaonekana umevunjika. Wa dharura huletewa mtu aliyezimia, amebebwa na majirani wasiojua alikula nini wala aliangukia wapi. Katika dakika za mwanzo hutakiwa kuhakikisha njia ya hewa iko wazi, mapafu yanapumua na damu inazunguka, huku akiendelea kutafuta chanzo. Tawi hili halina kiungo chake maalumu cha mwili, wala rika lake la wagonjwa. Mtoto aliyepaliwa, mjamzito anayevuja damu, mzee aliyepigwa na kiharusi na kijana aliyeangushwa na bodaboda wote hupita mlango mmoja.

Kama taaluma yenye mitihani na mabingwa wake, tawi hili ni changa kuliko yale mengine makubwa. Nchini Marekani mpango wa kwanza wa kufunza mabingwa wa dharura ulianza Cincinnati mwaka 1970, na taaluma yenyewe ikatambuliwa rasmi mwaka 1979. Afrika Kusini iliitambua mwaka 2003. Tanzania ilitangulia Kenya: Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya dharura Januari 2010, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha uzamili wa tiba ya dharura mwaka huohuo. Mabingwa wake wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Rwanda ilianza mafunzo yake mwaka huo wa 2013, na Uganda ikafuata kupitia Chuo Kikuu cha Mbarara. Kenya iliitambua tiba ya dharura kuwa ubingwa mwaka 2017. Hadi wakati huo, Mkenya aliyetaka ubingwa huu alilazimika kwenda kuusomea nje, kama alivyofanya Dkt. Benjamin Wachira, aliyeusomea Afrika Kusini kisha akarudi kuwa mmoja wa waasisi wa taaluma hiyo nchini.

Historia hii fupi ina uzito kwa mwanafunzi wa sekondari wa Manyatta, katika Kaunti ya Embu, anayejaza fomu ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Hakuna chuo nchini Kenya kinachotoa shahada ya kwanza ya tiba ya dharura. Vyuo vyote vya udaktari hutoa shahada ileile ya MBChB, inayosimamiwa na baraza lilelile la madaktari, na ubingwa huja miaka mingi baadaye. Kwa mwenye nia hii, tofauti kubwa kati ya chuo na chuo iko katika hospitali ambamo wanafunzi wake hufundishwa kuanzia mwaka wa tatu au wa nne. Jina la chuo huandikwa kwenye cheti, lakini mkono wa daktari hufundishwa wodini na katika kitengo cha dharura.

Wagonjwa wanaopita mlango wa Embu

Kabla ya kuvipima vyuo, yafaa kuangalia kazi yenyewe inavyokuwa katika ukanda ambao huenda mhitimu akarudi kuutumikia. Jimbo la Manyatta limebeba mji wa Embu, kisha linapanda hadi ukingo wa msitu wa Mlima Kenya. Juu ni chai, chini yake kahawa na makadamia. Ukiendelea kushuka nje ya jimbo unaingia Mbeere, nchi ya joto, muguka na nyoka. Wagonjwa wa pande zote hizi huelekea Hospitali ya Rufaa ya Embu, ya ngazi ya tano, ambayo ilikuwa hospitali kuu ya mkoa wakati Embu ulipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Wazee wengi bado huiita Provincial, na kitengo chake cha dharura hukiita kazualti.

Bodaboda ndizo hujaza kitengo hicho siku nyingi: mifupa ya mguu iliyovunjika, vichwa vilivyogonga lami bila kofia, ngozi iliyochunika. Kutoka mashambani huja waliopatwa na sumu ya dawa za kunyunyizia mimea, wengine kwa ajali, wengine kwa kukusudia. Viuatilifu vya jamii ya organofosfeti humfanya mgonjwa atokwe na mate na jasho jingi, mboni zisinyae na mapafu yajae majimaji. Tiba yake ni atropini, tena kwa dozi zinazorudiwarudiwa hadi kifua kikauke, jambo linalomshtua daktari mpya aliyezoea kuiona dawa hiyo ikitolewa kwa tone. Mbeere na Tharaka huleta walioumwa na nyoka. Mlima nao huleta wapandaji waliopanda haraka mno kwa njia ya Chogoria kuelekea vilele vinavyofika mita 5,199, kimo ambacho huweza kujaza maji kwenye mapafu au ubongo.

Mei 2014 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 70 katika kaunti kadhaa za Kenya, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Tukio hilo linafaa kuwa somo katika chuo chochote cha udaktari. Methanoli yenyewe hulewesha kama pombe ya kawaida. Ini ndilo huibadilisha kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva za macho na kuifanya damu iwe na asidi kupita kiasi. Mgonjwa anaweza kuonekana mlevi tu kwa saa kadhaa, arudishwe nyumbani akalale, kisha aamke haoni, au asiamke kabisa. Dawa maalumu ya kuzuia mabadiliko hayo, fomepizoli, ni ghali na haipatikani kwa urahisi. Palipo na uhaba hutumika ethanoli, yaani pombe halali iliyopimwa, pamoja na kusafisha damu kwa mashine. Daktari anayepokea wagonjwa watano kwa mpigo, wote wakilalamika kwamba macho yana ukungu, anatakiwa kuutambua muundo huo kabla ya matokeo ya maabara. Utambuzi wa namna hiyo hufundishwa na mtu aliyewahi kuuona, kando ya kitanda.

Barabara ya Embu–Meru nayo ina daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, ambako mteremko mkali na kona vimeua kwa miaka mingi. Julai 24, 2022 basi lililotoka upande wa Meru lilitumbukia mtoni hapo na zaidi ya watu 30 wakafariki. Ajali ya aina hiyo huidai hospitali ya kaunti kila kitu kwa wakati mmoja: damu, thieta, mashine za kupumulia, na zaidi ya yote mtu wa kusimama mlangoni na kuamua nani aingie kwanza. Kazi hiyo ya kuwapanga wagonjwa kwa uharaka inaonekana rahisi kwenye karatasi. Ugumu wake ni kwamba anayepiga kelele zaidi mara nyingi si anayekaribia kufa zaidi.

Wengi wa wagonjwa hawa hawaletwi na ambulensi. Huja kwa matatu, kwa pikapu ya jirani, hata kwa bodaboda huku wamekalishwa katikati ya watu wawili. Kenya ina namba za dharura, ikiwamo 1199 ya Msalaba Mwekundu, na kaunti zina ambulensi zao, lakini mfumo mmoja wa kitaifa wa kumfikia mgonjwa alipo haujakamilika. Sera ya Kitaifa ya Huduma za Dharura ya 2020 hadi 2030 ilitungwa kujaza pengo hilo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, tayari ilikuwa imesema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikaikariri haki hiyo. Kwa hiyo nchi imejifunga kisheria kutoa huduma ambayo mabingwa wake bado ni wachache sana. Hilo ndilo jibu kwa mzazi anayeuliza kama kuna kazi katika ubingwa huu: haja ipo, ingawa nafasi za ajira serikalini hufuata bajeti kuliko haja.

Shahada moja, hospitali tofauti

Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kikongwe. Kitivo chake cha tiba kilianza mwaka 1967. Wanafunzi wake hufundishwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kubwa kuliko zote za rufaa nchini, iliyoanza mwaka 1901. Uzuri wake ni upana: majeraha ya risasi, ya moto na ya barabarani, saratani zilizochelewa, magonjwa adimu yaliyopewa rufaa kutoka kila kaunti. Kasoro yake imo ndani ya uzuri huohuo. Mgonjwa aliyepewa rufaa mara nyingi amekwisha kutibiwa kwingine na huja na barua, kwa hiyo mwanafunzi huona zaidi sura ya pili ya ugonjwa kuliko ya kwanza. Foleni ya wanafunzi kitandani nayo ni ndefu, kwani wapo wa shahada ya kwanza, wa uzamili, wa uuguzi na madaktari wanagenzi, na kila mmoja anataka kushika sindano.

Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilijenga kitivo chake kwa falsafa nyingine. Kilipoanza kupokea wanafunzi wa udaktari mwaka 1990 kilichagua kufundisha kwa kutumia matatizo: kikundi kidogo hupewa kisa cha mgonjwa na kuanza kukifumbua kabla ya kufundishwa nadharia yake. Pia kiliwapeleka wanafunzi vijijini kwa vipindi maalumu ili waone namna vituo vya afya vinavyofanya kazi. Mbinu hiyo inafanana sana na namna daktari wa dharura anavyofikiri, kuanzia dalili kwenda kwenye chanzo. Hospitali yake ya Rufaa na Mafunzo ya Moi inahudumia Bonde la Ufa la kaskazini na magharibi ya nchi, na ushirikiano wake wa miongo mingi na Chuo Kikuu cha Indiana umeleta walimu na wanafunzi wa kubadilishana. Kwa mwenye nia ya dharura, Eldoret inastahili kuwekwa juu kuliko wengi wa ukanda wa Mlima Kenya wanavyoiweka. Mara nyingi wanaiacha kwa sababu ya umbali tu.

Egerton hufundishia Nakuru, kwenye barabara kuu ya kwenda magharibi ambayo ajali zake zinajulikana. Maseno iko Kisumu, katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambako malaria kali ya watoto na selimundu huonekana mara nyingi kuliko nyanda za juu. Chuo Kikuu cha Mount Kenya hutumia Hospitali ya Thika. Vipo na vingine, na orodha hubadilika.

Upande wa Meru kuna Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, kinachowafundishia wanafunzi wake katika Hospitali ya Rufaa ya Meru. Ni chuo cha binafsi na karo yake ni nzito, lakini hospitali yenyewe ni ya umma na wagonjwa wake ni walewale ambao mhitimu wa Embu au Meru atawakuta kazini: panga, bodaboda, sumu za shambani, uzazi uliokwama, nimonia ya watoto wa nyanda za juu. Mwanafunzi anayejua Kimeru au Kiembu huchukua historia ya mgonjwa bila mkalimani, na katika dharura hiyo si faida ndogo. Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, kiko upande mwingine kabisa: hospitali yake ni ya binafsi, vifaa vipo, na ni miongoni mwa mahali ambapo tiba ya dharura ilipata walimu mabingwa mapema nchini. Anachokosa mwanafunzi wa huko ni ule wingi wa wagonjwa maskini waliochelewa ambao ndio sura halisi ya dharura katika hospitali ya kaunti.

Nini cha kuuliza

Swali la kwanza ni nani anasimama katika kitengo cha dharura saa nane za usiku. Katika hospitali nyingi za Kenya kitengo hicho huendeshwa na maafisa wa kliniki na madaktari wanagenzi, huku daktari bingwa akiitwa kwa simu. Wapo maafisa wa kliniki wenye uzoefu wa miaka ishirini wanaoweza kumfundisha mwanafunzi kushona jeraha na kutambua mgonjwa anayezidiwa, tena vizuri kuliko profesa yeyote. Lakini chuo kikiwa hakina hata mhadhiri mmoja ambaye kazi yake halisi ni dharura, mwanafunzi hujifunza tawi hili kwa vipande: kidogo kwa wapasuaji, kidogo kwa madaktari wa tiba ya ndani, kidogo kwa wa watoto, na hakuna anayemfundisha kuviunganisha.

La pili ni kama mtaala una mzunguko wa tiba ya dharura unaojitegemea, au wanafunzi hupita kazualti kama sehemu ya upasuaji. Palipo na mzunguko wa pekee kuna mtihani wake, na panapokuwa na mtihani wanafunzi husoma. Hiyo ni tabia ya wanafunzi wa tiba duniani kote. Karibu na hilo kuna swali ambalo waombaji wengi hawalifikirii: mzunguko wa nusukaputi ni mrefu kiasi gani? Thieta ndipo mahali salama pa kujifunza kumwekea mtu mrija wa hewa kooni, kumpumulia kwa mkono, kusoma mapigo ya moyo kwenye skrini na kushughulikia shinikizo la damu linaloporomoka, kwa kuwa bingwa yuko karibu na mgonjwa ametayarishwa. Wiki chache nzuri za nusukaputi humfaa daktari wa dharura wa kesho kuliko mihadhara mingi ya dharura.

Vifaa vina nafasi yao. Chumba cha mazoezi chenye sanamu za kufanyia ufufuaji na kuweka mirija ya kifuani humwezesha mwanafunzi kukosea bila kumdhuru mtu. Mashine ya CT, altrasaundi ndani ya kitengo chenyewe, benki ya damu inayofanya kazi usiku na chumba cha wagonjwa mahututi huamua mwanafunzi ataona mwisho wa kisa au ataona tu mgonjwa akipakiwa kwenye ambulensi kwenda Nairobi. Husemwa mara kwa mara kwamba uhaba ndio mwalimu bora. Uhaba hufundisha ujanja, lakini pia huwazoesha vijana kuona kifo kinachozuilika kuwa jambo la kawaida, na mazoea hayo ni magumu kuyaondoa baadaye.

Idadi ya wanafunzi ni jambo jingine. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, hukagua vyuo na kuweka kikomo cha wanafunzi kulingana na walimu na vitanda vilivyopo, na limewahi kuvizuia baadhi ya vyuo kupokea wanafunzi wapya. Orodha ya vyuo vinavyotambuliwa iko wazi kwa umma. Mzazi anayelipa amana kabla ya kuiangalia anahatarisha ada ya miaka sita.

Vyuo vingi huwapa wanafunzi wiki kadhaa za kujichagulia pa kujifunzia, kwa kawaida katika miaka ya mwisho. Kwa mwenye nia ya dharura nafasi hiyo ni ya thamani, na Muhimbili inafikika kwa basi kupitia Mombasa au Arusha. Inafaa kuuliza kama chuo kinaruhusu kwenda nje ya nchi, na kama kimewahi kumpeleka mtu. Kozi fupi nazo zinapatikana: Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake lilitoa kozi ya huduma za msingi za dharura mwaka 2018, nayo hufundishwa Afrika Mashariki kwa madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki pamoja. Taasisi ya Emergency Medicine Kenya Foundation imechapisha miongozo ya hatua kwa hatua ya dharura za kawaida ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma tangu mwaka wa kwanza.

Majibu ya maswali haya hayapatikani kwenye vijitabu vya matangazo. Wanaoyajua ni wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita, na madaktari wanagenzi waliohitimu chuo hicho juzi. Hospitali ya Embu huwapokea wanagenzi kutoka vyuo mbalimbali, kwa hiyo mtahiniwa wa Manyatta anaweza kuwauliza bila kupanda matatu ya Nairobi. Swali moja lafaa kuulizwa kila mmoja wao: siku ya kwanza kazini, ni jambo gani mgonjwa alilihitaji ambalo chuo hakikuwahi kukufundisha kulifanya kwa mikono yako?

Alama, ada na njia za nje

Nafasi katika udaktari hupatikana kwa masomo ya klasta: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Ushindani ni mkali kiasi kwamba kukidhi kiwango cha chini hakutoshi. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, KCSE, katika mfumo wa 8-4-4 umepangwa kufanywa mwaka 2027. Wanaokuja baada ya hapo katika mtaala mpya watapita njia ya STEM katika sekondari ya juu. Mwanafunzi anayepata chuo kimoja tu hana cha kuchagua, naye aingie bila majuto: tofauti kati ya vyuo vilivyoidhinishwa ni ndogo kuliko tofauti kati ya mwanafunzi anayekwenda kazualti jioni kwa hiari yake na yule anayesubiri ratiba.

Familia nyingine hutazama nje. Chuo cha ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kina faida, kwa kuwa mabaraza ya nchi wanachama hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja. Uganda ina Makerere na Mbarara. Tanzania ina Muhimbili, ambako shahada ya udaktari huchukua miaka mitano na mgonjwa huhojiwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mwanafunzi wa Embu tayari anayo. Mambo hubadilika kwa anayekwenda India, Uchina au Urusi. Akirudi hukabiliwa na mtihani wa KMPDC kabla ya kuruhusiwa kuingia wanagenzini, na huenda amemaliza miaka ya wodini akitazama tu, kwa sababu hakujua lugha ya mgonjwa. Vita vya Ukraine vya 2022 viliwaonyesha wanafunzi wengi wa Kiafrika hatari nyingine ambayo hakuna wakala wa vyuo aliyewatajia.

Ushauri unaosomwa katika machapisho ya Marekani unahitaji kuchujwa. Huko mwanafunzi huomba nafasi ya ubingwa akiwa bado chuoni, na huhitaji barua za tathmini kutoka idara za dharura, kwa hiyo kuchagua chuo chenye mpango wake wa ubingwa ni hesabu ya maana. Nchini Kenya ubingwa huombwa baada ya mwaka wa uanagenzi na kwa kawaida baada ya kufanya kazi, hivyo chuo kisicho na uzamili wa dharura hakimfungii mtu mlango.

Mwaka wa uanagenzi wenyewe unahitaji kuhesabiwa katika mpango. Kwa desturi hugawanywa katika upasuaji, tiba ya ndani, watoto na uzazi, na dharura hupatikana ndani ya hizo zote, hasa kwenye zamu za usiku. Wizara ya Afya ndiyo hupanga vituo, na kusubiri kumekuwa kwa muda mrefu. Mgomo wa madaktari ulioanza Machi 14, 2024 na kumalizika Mei 8 ulichochewa kwa sehemu kubwa na kucheleweshwa kwa wanagenzi na mvutano kuhusu malipo yao, Sh206,400 kwa mwezi kulingana na makubaliano ya 2017.

Kwa asiyepata alama za udaktari, au asiyeweza kumudu miaka yote hiyo, dharura ina mlango mwingine ambao haupaswi kuitwa wa nyuma. Stashahada ya utabibu hufundishwa katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambacho kina kampasi pia Embu, na afisa wa kliniki anaweza baadaye kubobea katika huduma za dharura na wagonjwa mahututi, kama wanavyofundishwa katika Hospitali ya AIC Kijabe. Wauguzi wana njia yao. Kwa kuwa watu hawa ndio wanaopokea wagonjwa wengi wa dharura nchini, kijana anayetaka kazi yenyewe zaidi ya cheo anaweza kuifikia mapema zaidi kwa njia hii.

Anayeshika njia ya udaktari ajue urefu wake. Shahada ya kwanza huchukua takriban miaka sita katika vyuo vingi vya Kenya, uanagenzi mwaka mmoja, kisha kipindi cha kazi, mara nyingi katika kaunti, na uzamili wa miaka mitatu au zaidi. Mtahiniwa wa kidato cha nne wa leo hatakuwa bingwa wa dharura chini ya miaka 11.